Bei ya kabla ya punguzo: gawa, usijumlishe
Kitu kimepunguzwa asilimia 20, sasa ni 960. Ukitaka kujua bei ya zamani, usirudishe asilimia 20 juu ya 960; utapata 1,152, na umekosea (nimelifanya kosa hili miaka mingi). Iite bei ya zamani x. Kilichobaki ni asilimia 80 yake, basi 0.8x = 960. Gawa 960 kwa 0.8: x = 1,200. Ile asilimia 20 ilikatwa kwenye 1,200, si kwenye 960. Punguzo juu ya punguzo, 20 kisha 10? Gawa kwa 0.72, yaani 0.8 × 0.9, wala si 0.7. Njia hii inagoma kama ndani ya bei kuna gharama ya usafirishaji isiyopunguzwa, itoe kwanza.