Kubadilisha majina kwenye hati ya shamba mnalomiliki pamoja

Mimi ni karani wa wakili hapa Kenya. Wengi wanaoniletea hati ya shamba la umiliki wa kudumu, lisilo na miaka ya kukodishwa, huulizia fomu kwanza. Fomu ingoje. Omba upekuzi rasmi wa rejista, kwa sababu hati iliyo kabatini huenda isionyeshe mkopo wa benki au zuio lililowekwa baadaye. Kwa maeneo yaliyoingizwa kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi, upekuzi huombwa mtandaoni. Kwingineko nenda kwa msajili wa ardhi.

Kisha soma mnamiliki vipi. Yote yategemea hapo.

Ikiwa ni umiliki wa pamoja usio na mafungu, mmoja akifariki, ardhi hubaki kwa aliye hai, wala haiingii katika mirathi. Mama mjane, huna haja ya kesi. Peleka maombi ya kufuta jina la marehemu, cheti cha kifo, hati halisi, kitambulisho chako na PIN ya KRA, yaani namba yako ya mlipa kodi. Huniuma sana kuona mjane akizungushwa mahakamani kwa jambo ambalo kifungu cha 60 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 hulimaliza kwa cheti cha kifo.

Ikiwa kila mmoja ana fungu lake, nusu kwa nusu au vinginevyo, fungu la marehemu ni la warithi wake. Hapo mirathi lazima ifunguliwe mahakamani, tangazo litoke kwenye Gazeti Rasmi kwa siku 30, msimamizi ateuliwe, na kwa kawaida ipite miezi 6 kabla mgao haujathibitishwa. Msiuze hata kona kabla ya hapo: kuingilia mali ya marehemu ni kosa la jinai. Ndugu walioandikishwa bila kutajwa aina ya umiliki kwa kawaida huhesabiwa kuwa na mafungu sawa. Na tangu sheria hiyo ya 2012, umiliki mpya usio na mafungu ni wa mume na mke tu, isipokuwa mahakama iruhusu.

Kumtoa mwenzako aliye hai ni uhamisho kamili. Yeye mwenyewe atie sahihi mbele ya wakili, na mkewe au mumewe aridhie. Akitaka kumpa mtu wa nje fungu lake, wenye mafungu wengine wakubali kwa maandishi, ingawa hawaruhusiwi kukataa bila sababu ya maana. Shamba la kilimo huhitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Iombeni ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mkataba ni batili. Kisha mthamini wa serikali hukadiria thamani, nanyi mlipe ushuru wa stempu: asilimia 2 mashambani, 4 mijini.

Jina lililokosewa herufi tu halihitaji uhamisho. Apa hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni yako, kisha mwombe msajili asahihishe. Ikiwa ulibadili jina kwa hiari, hati ya kubadili jina isajiliwe na itangazwe kwenye Gazeti Rasmi kwanza.

Ukikabidhiwa hati mpya, linganisha kila herufi na kila tarakimu ya kitambulisho hapo hapo dirishani, kisha omba upekuzi mwingine uhakikishe rejista nayo imebadilika.