Kabla ya Mitihani: Kujiandaa kwa Hali ya Kujiona Uko Nje ya Nafsi Yako

Mkono ulikuwa unaandika, nami nautazama. Ulikuwa mtihani wa Fizikia wa kidato cha nne, nusu saa tangu tufungue karatasi, na ghafla mkono ulioshika kalamu haukuwa wangu tena. Mvumo wa feni ulikwenda mbali, madawati yakawa kama picha iliyobandikwa ukutani, na mimi nikawa mtazamaji niliyekaa nyuma kidogo ya kichwa changu mwenyewe. Sikuumwa popote. Nilikuwa na hofu moja tu: nimerukwa na akili. Hofu hiyo ndiyo iliyonila maksi. Mkono wenyewe uliendelea kuandika majibu sahihi muda wote niliokuwa nikihangaika.

Naandika haya kwa mwanafunzi anayeukaribia msimu wa mitihani, na kwa mzazi atakayekuwa naye nyumbani. Siku yenyewe huwa hakuna nafasi ya kujifunza jambo jipya, kwa hiyo ya kufanya yafanywe sasa.

La kwanza, na kwangu lina uzito kuliko yote yanayofuata, ni kuijua hali hii kabla haijakubishia hodi. Wataalamu huiita dipasonalaizesheni pale unapojiona wewe mwenyewe kama si wewe, na dirializesheni pale dunia inayokuzunguka inapofanana na ndoto au sinema. Mara nyingi hizi mbili huja pamoja. Si jambo la kizazi cha simu: Mfaransa Ludovic Dugas aliliingiza neno dipasonalaizesheni katika elimu ya nafsi mwaka 1898, akiliazima kutoka shajara ya mwalimu mmoja wa Geneva. Watu wengi huionja mara moja au mbili maishani, baada ya ajali, msiba, kukesha au hofu kali, kisha ikapita yenyewe. Wanaobaki nayo kama ugonjwa ni wachache, hukadiriwa kuwa asilimia 1 hadi 2 ya watu, na kwa wastani huwaanza wakiwa na miaka 16 hivi. Kwetu huo ndio umri wa kukalia mitihani mikubwa.

Inatokeaje? Anayekimbizwa na mbwa hukimbia, na hofu ikapata pa kutokea. Wewe umekaa kwenye kiti kwa muda wa saa tatu na huruhusiwi kunyanyuka. Maelezo yanayotolewa na watafiti ni kwamba hofu ikizidi, ubongo huipunguza hisia makali ili kichwa kiendelee kufanya kazi. Matokeo yake unafikiri vizuri lakini huhisi kitu. Pumzi nayo huchangia. Mwenye wasiwasi huhema haraka haraka bila kujijua, hewa ya kaboni dayoksaidi inapungua mwilini, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa kidogo, na hapo kichwa kinakuwa chepesi, vidole na midomo vinafanya ganzi, macho yanaona vitu kwa namna ya ajabu. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini dawa ya kwanza ni kutoa pumzi polepole, wala si kuvuta pumzi nyingi kama tunavyoambiana.

Miezi mingi baada ya mtihani ule daktari mmoja aliniuliza swali ambalo natamani ningeulizwa mapema: “Unaamini kwamba mkono si wako, au unauona kama si wako?” Nikajibu, kama. Akasema basi hilo neno “kama” usiliache. Mwenye hali hii anajua kwamba mambo yako vilevile ila hayamfikii. Aliyepoteza uhalisia kabisa hasemi “kama”. Anasema mkono ni wa mtu mwingine, na anamjua ni nani. Tofauti hiyo iandike mahali utakapoiona, kwa maandishi yako mwenyewe.

Baada ya hapo njoo kwenye usingizi. Tulipokuwa bwenini kukesha kulikuwa ushujaa: miguu ndani ya beseni la maji baridi, kitabu magotini, na aliyelala saa nne alionekana hana malengo. Hakuna kitu kinachoialika hali hii kwa urahisi kama usiku mbili tatu bila kulala. Anza kurudisha saa zako wiki tatu au nne kabla, kwa sababu usingizi hauji kwa amri usiku wa kuamkia mtihani. Kahawa ya jioni, vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi vyote huharakisha moyo na kufukuza usingizi. Bangi ni mbaya zaidi kwa mtu wa namna hii. Wapo ambao hali iliwaanza siku waliyoivuta “kutuliza mawazo” ikakaa nao miezi, na kama imewahi kukufanya hivyo mara moja, usiijaribu tena. Kunywa chai, kula asubuhi, basi.

Mtafute pia mtu mmoja wa kumwambia mapema. Uchague kwa makini, kwa sababu majibu ya kwetu tunayajua. Mmoja atasema unajiendekeza, mwingine atasema kuna jirani mwenye kijicho, wa tatu ataanza kutaja majini. Mimi sikatazi dua wala maombi. Bibi yangu alinisomea na nilitulia. Ninachokataa ni kumwongezea mtoto hofu wakati hofu ndiyo chakula cha hali yenyewe. Mzazi akiambiwa, “Mama, najiona kama sipo,” yatosha kusema, “Nimekusikia, mwanangu, njoo ukae hapa nami,” kisha ampe kazi ya mikono: kuchambua mchele, kukuna nazi, kuosha vyombo. Asimuulize kila baada ya dakika tano kama imeondoka. Hata mwenyewe asijiulize, ingawa najua ilivyo vigumu, ulimi huwa hauachi kulirudia pengo la jino. Kujikagua kwenye kioo ndiko kubaya kupita yote. Uso wowote ukiukodolea macho muda mrefu hugeuka mgeni.

Kuna ya kuyatenga mapema pia, kwa kuwa si kila kujisikia mbali ni wasiwasi. Ukipotewa na dakika nzima usizozikumbuka, ukisikia harufu isiyokuwepo kisha mwili ukakakamaa, ukianguka, au ikiwa uliwahi kuumia kichwa, mwone daktari akuchunguze kifafa na mengineyo. Homa ikiambatana na kuchanganyikiwa ni ya hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana; malaria haingoji mtihani uishe. Anayesikia sauti zisizokuwepo, aliyeacha kusema “kama”, na anayetaja kujidhuru wasiachwe peke yao. Na kama hali yako ilianzia kwenye jambo baya ulilofanyiwa na mtu, mbinu za pumzi hazitatosha, unahitaji mtaalamu wa kukaa nawe taratibu.

Ikishika wiki kadhaa bila kuachia, au ikikuzuia kusoma, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uulizie kitengo cha afya ya akili. Huko ndiko watakakokuandikia rufaa ikibidi, mpaka Muhimbili au Mirembe kwa walioko Tanzania, Mathari kwa walioko Nairobi. Usiende mikono mitupu. Andika kwenye karatasi ilianza lini, hudumu muda gani, unalala saa ngapi, umetumia nini, na sentensi moja yenye “kama” ndani yake, kwa sababu si kila mhudumu amewahi kukutana na mgonjwa aliyeieleza, na ukisema tu “mwili si wangu” unaweza kuandikiwa dawa ya ugonjwa mwingine. Hakuna kidonge maalumu kilichoidhinishwa kwa hali hii. Kinachosaidia zaidi ni tiba ya mazungumzo, pamoja na kuutibu wasiwasi au sonona iliyoko nyuma yake.

Lililobaki ni mazoezi, na yafanyike nyumbani ukiwa mzima, mara nyingi hadi mwili uyazoee. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili mpaka uisikie. Toa pumzi kwa hesabu ya sita, ivute kwa hesabu ya nne. Taja moyoni vitu vitano unavyoviona, kwa majina yake ya kawaida: dirisha, chaki, kiatu. Kisha rudi kwenye swali, ulisome kwa kidole, uandike hata kama mkono unaonekana wa mwingine. Usingoje urudi mwilini ndipo uandike.

Miaka miwili baadaye, kidato cha sita, niliingia kwenye chumba cha mtihani na punje ya karafuu shavuni. Hali ilikuja katikati ya swali la tatu. Nikaing’ata karafuu, ukali wake ukanijaa mdomo mzima, nikakanyaga sakafu, nikaenda swali la nne.