Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi ukalee watoto

Meneja wa benki pale Dar es Salaam akitaka kuacha kazi alee watoto, hesabu yake ya kwanza huwa mshahara. Hiyo ndiyo nyepesi. Ngumu ni yale ambayo ajira ilikuwa inayabeba bila yeye kuyaona.

Mkopo, kwa mfano. Benki nyingi huwakopesha wafanyakazi wao kwa riba nafuu, na mkataba huwa na kipengele: ukiondoka, riba inapanda hadi ile ya mteja wa kawaida, au unadaiwa deni lote. Kisome kabla hujamgusia hata bosi. Deni la elimu ya juu nalo halifi kwa kuwa makato yamekoma. Bodi ya Mikopo itataka ulipe mwenyewe.

Pensheni ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inadai michango ya miezi 180. Aliyefikisha 165 afikirie mara mbili, au aulizie utaratibu wa kuchangia kwa hiari. Fao la kukosa ajira asilipigie hesabu, maana halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Bima ya afya hufuata ajira, kwa hiyo watoto wahamie kwa mwenza mapema.

Kisha wawili mkae chini. Aliyezoea kuidhinisha malipo ya mamilioni hataweza kuomba hela ya gesi kila wiki, hata ndoa iwe tamu vipi. Pangeni tarehe na kiasi kinachoingia kwenye akaunti yake. Viwanja na nyumba viandikwe majina yote mawili. Ni kweli Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, lakini nani anataka kufika mahakamani?

Ndugu waambiwe. Ada ya mdogo wako, dawa za mama, michango ya harusi: taja utakachoweza. Mchezo wa kijumbe, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu, umalize kwanza, hasa kama umeshapokea.

Dada wa kazi msimwondoe siku hiyohiyo. Leseni ya taaluma ilipie kila mwaka.

Notisi kisheria si chini ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, ila mikataba ya wakubwa mara nyingi hudai zaidi. Dai malipo ya likizo ulizobakiza, na cheti cha utumishi kabla hujarudisha kitambulisho.