SOMO: Kumlisha na kumuuguza mgonjwa wa kansa ya koo la chakula nyumbani

Wakuu, kila wiki napokea meseji zilezile. Mzee hamezi, tumpe nini? Mpira wa kulishia umeziba, tufanyeje? Mama anaenda Dar kwenye mionzi, abebe nini? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, na wengine wananiuliza wakiwa wameshachelewa. Naandika mara moja. Someni mpaka mwisho ndipo muulize.

Mimi si daktari. Ni binti aliyemuuguza baba yake hapa Uyole, na ninayoandika ni yale tuliyofundishwa wodini na kliniki tukayafanya kwa mikono yetu. Daktari wenu akisema tofauti kwa mgonjwa wenu, fuateni la daktari.

Shikeni jambo moja kabla ya hatua zote. Hospitali inapambana na uvimbe, sisi nyumbani tunapambana na njaa. Mgonjwa wa umio, yaani koo la chakula, anadhoofika kwa kukosa chakula, na akishakonda sana hahimili kemo (dawa za kuua kansa) wala mionzi, matibabu yanaahirishwa. Uzito wake ndio kazi ya familia.

Hatua ya 1: Kipimo. Chakula kikikwama zaidi ya wiki mbili, apimwe kwa kamera na akatwe kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara. Mkiona ameacha ugali akahamia kwenye wali, kisha ameacha wali akahamia kwenye uji, acheni kununua dawa za vidonda vya tumbo.

Hatua ya 2: Karatasi. Majibu ya kinyama, picha za CT scan, barua ya rufaa na kadi ya bima viwe bahasha moja, na kila karatasi ipigwe picha kwenye simu. Kama hana bima, muoneni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla deni halijawa kubwa.

Hatua ya 3: Daftari na mtu mmoja. Mchagueni mmoja wa kuongea na madaktari. Watoto watano wakipiga simu kila mmoja kivyake, mtapata majibu matano na ugomvi juu yake. Daftari liandikwe uzito kila wiki kwa mzani uleule, alichokula, dawa, na choo. Sisi kwetu daktari alikuwa analiomba daftari kabla hajamgusa baba.

Hatua ya 4: Njia ya chakula. Ulizeni mapema, msisubiri mpaka maji yagome kupita. Kuna stenti, kibomba cha wavu wa chuma kinachowekwa ndani ya umio kwa kamera ili kuutanua. Kuna mpira wa kulishia unaopita kwenye ngozi ya tumbo. Na kuna mionzi yenyewe, ambayo ikipunguza uvimbe njia hufunguka taratibu. Kama kuna mpango wa upasuaji, mwacheni daktari wa upasuaji aamue mpira uingie wapi, kwa sababu tumbo ndilo mara nyingi hutumika kutengeneza njia mpya ya chakula na hataki litobolewe ovyo.

Wazee wetu wengi wanaukataa mpira kwa kuuona ni hukumu. Mwelezeni kwa upole kwamba akirudi kumeza vizuri unaweza kutolewa. Baba alikubali pale shangazi alipomwambia, "Kaka, shamba halisubiri mvua ya mdomoni tu." Mimi nilikuwa nimeongea wiki nzima bila mafanikio. Tafuteni mtu anayemsikiliza.

Hatua ya 5: Kulisha kwa mpira. Hapa ndipo palipotutesa, someni polepole.

Kwanza ulizeni ncha ya mpira iko wapi. Ikiwa tumboni, analishwa kwa mikupuo. Ikiwa kwenye utumbo mwembamba, chakula kinaingia polepole sana, na ukimsukumia mkupuo ataharisha na kuumwa tumbo. Anayetoka hospitali bila kujua jibu la swali hili arudi akaulize.

Nawa mikono. Mkalishe, au muinue kwa mito mpaka awe nusu ameketi. Tumia sirinji kubwa ya mililita 60 yenye mdomo mpana. Pitisha maji safi ya vuguvugu mililita 30 hivi, kisha chakula, kisha maji tena. Usisukume, toa kile kijiti cha sirinji, inua sirinji, chakula kishuke chenyewe. Baba alianza na mililita 100 kila mlo, tukapanda taratibu hadi 250 au 300, kila baada ya saa tatu. Aliyekaa siku nyingi bila kula asijazwe chakula kingi siku ya kwanza, ni hatari kwa moyo wake. Kasi ya kuongeza waipange hospitalini. Baada ya kulishwa akae hivyohivyo karibu saa nzima.

Siku tuliyoharibu, tulimpa supu ya maharage iliyosagwa kwa blenda ikachujwa kwa chujio la chai. Maganda yakapita. Aliyemlisha akasahau maji ya mwisho, na asubuhi mpira ulikuwa mgumu kama kijiti. Binamu akaja na waya wa spoku ya baiskeli ili auzibue. Tulimzuia, lakini mpira ulishaharibika, ukabadilishwa hospitali, na baba akashinda na njaa siku hiyo yote. Kwa hiyo:

Chuja mara mbili, mara ya pili kwa kitambaa safi chepesi. Maji kabla na baada, kila mlo, kila dawa, hata saa nane usiku. Ukiziba, weka maji ya vuguvugu kwa sirinji ileile kubwa, vuta na rudisha taratibu, acha dakika 20, jaribu tena. Usitumie sirinji ndogo, ina msukumo mkali unaoweza kupasua mpira. Usiingize waya, sindano wala kijiti cha aina yoyote. Ikishindikana, hospitali siku hiyohiyo.

Ngozi kuzunguka tundu ioshwe kwa maji na sabuni kila siku na ikaushwe. Usaha, wekundu unaotambaa, au maumivu makali ya tumbo, nendeni.

Chakula chenyewe: uji wa ulezi wenye maziwa, yai lililoiva, parachichi la Rungwe au Njombe lililosagwa na maziwa, siagi ya karanga, viazi, dagaa wa Kyela waliopikwa na kusagwa unga laini. Ongeza mafuta ya alizeti, kijiko kimoja cha chakula kina kalori zipatazo 120. Uji mweupe wa maji na sukari unajaza tumbo tu, uzito unaendelea kushuka.

Hatua ya 6: Kula kwa mdomo. Laini, kidogo, mara sita kwa siku, ameketi wima, anakunywa kidogo kati ya tonge na tonge. Mwenye stenti aache ugali mkavu, nyama ngumu, mkate na ndizi zenye nyuzi. Kikikwama anywe maji kidogokidogo na atembee. Kikikataa kwa saa kadhaa, hospitali. Inueni kitanda upande wa kichwa kwa matofali mawili, maana stenti ya chini huruhusu asidi kupanda usiku.

Hatua ya 7: Mionzi na kemo. Baba alipelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar. Mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo pangeni malazi na siyo nauli tu. Alama wanazochora kwenye ngozi zisifutwe. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu kumeza kunauma zaidi kuliko mwanzo. Familia nyingi hukata tamaa hapo zikidhani tiba inamdhuru. Ni koo lililoungua, hupoa baada ya wiki chache tiba ikiisha. Kwenye kemo, homa ya nyuzi 38 ni dharura, hata saa sita usiku. Msimpe panadol mkasubiri asubuhi.

Hatua ya 8: Maumivu. Morfini ya maji ni dawa ya maumivu. Haimaanishi kwamba mgonjwa anaagwa. Inatolewa kwa saa, asisubiri mpaka alie, na kila anayeipata apewe na dawa ya kulainisha choo.

Kimbieni hospitali akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akikohoa kila anapokunywa, au akishindwa kumeza hata mate.

Na mwacheni mezani. Baba hakuweza kula, lakini tulipomlisha chumbani peke yake alikuwa anageukia ukutani. Tukaanza kumlisha kwa mpira saa ileile tunayokula, yuko kwenye kiti chake, anauliza bei ya viazi kama kawaida.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI

Kijana wa Mafinga: Dada asante. Sijasoma yote ila naomba kujua, mgonjwa wa koo anaruhusiwa ugali?

Mtoa somo: Hatua ya 6.

Mbozi Kahawa: Kuna unga wa mizizi mzee mmoja anauza, unamaliza uvimbe kwa mwezi. Naweza kuupitisha kwenye mpira?

Mtoa somo: Hapana. Utaziba mpira, na hujui unafanya nini kwenye ini la mtu aliye kwenye kemo.

Mbozi Kahawa: Usidharau dawa zetu. Bibi yangu zilimponya.

Mtoa somo: Sijadharau. Nimejibu swali la mpira. Kama bado mnautaka, mpelekeeni daktari wake auone kabla haujamwingia mgonjwa, na msimuachishe tiba.

Mama Bahati: Samahani mwanangu, mpira wa mume wangu umechomoka jana jioni akijigeuza. Kijana wangu anasema anaweza kuurudisha.

Mtoa somo: Mama, shikamoo. Asiurudishe. Funika tundu kwa gozi safi, chukua na mpira uliochomoka, nendeni sasa hivi. Tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache, na ukirudishwa vibaya unaweza kuingia nje ya tumbo, chakula kikamwagika huko. Mpira una muda gani tangu uwekwe?

Mama Bahati: Wiki mbili tu.

Mtoa somo: Basi ndiyo zaidi. Msisubiri siku ya kliniki. Nipe taarifa mkifika.

Binti Rungwe: Dada, uji wa mama ukiwa mwepesi wa kupita hauna nguvu, nikiongeza unga unaganda kwenye sirinji. Mlifanyaje?

Mtoa somo: Swali zuri, ningepaswa kuliweka juu. Tumia kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue. Kwa baridi ya Juni na Julai unachelewa, uweke karibu na jiko. Anika ukauke kabisa, saga. Ukiona ukungu, tupa wote. Pika uji mzito, epua uache kuchemka kwanza kwa sababu mchemko unaua nguvu ya kimea, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga. Uji uliokuwa unashika mwiko utaona unalegea ukitazama, mpaka unamiminika kama maziwa, na unga wote umo ndani. Urudishe jikoni uchemke tena, kwa sababu kimea kibichi kina vijidudu. Ndipo uongeze maziwa na mafuta, uchuje.

Binti Rungwe: Nimejaribu mchana huu. Umepita wote bila kusukuma! Mungu akubariki.

Mzee wa Makambako: Je, inaambukiza? Nyumbani wametenga kikombe na sahani za mgonjwa.

Mtoa somo: Haiambukizi, baba. Warudishe vyombo vyake. Kutengwa kunamuumiza bure.

Kyela Mchele: Mbona ukanda wetu una wagonjwa wengi hivi? Kwetu mtaani ni wa tatu.

Mtoa somo: Ni ukanda mrefu wa Afrika Mashariki na Kusini, majirani zetu wa Malawi na Kenya wanao pia. Sababu haijawa moja. Sigara na pombe zimo. Na vinywaji vya moto sana: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Kosa si la majani ya chai, ni la moto. Kwetu sasa chai inamiminwa, inakaa, ndipo inanywewa.

Kyela Mchele: Chai ya Tukuyu ikipoa si chai, dada.

Mtoa somo: Ndugu yangu, nimeyaona yaliyompata baba. Isubiri tu dakika chache.

Dereva wa Kitonga: Nyongeza kwa wanaosafiri Dar: chukueni siti za mbele, nyuma basi linarusha sana. Mwambieni kondakta mapema kwamba kuna mgonjwa wa kulishwa, akitangaziwa dereva tunasimama.

Mtoa somo: Asante sana kaka. Uji wa safari uwe kwenye chupa ya chai iliyooshwa kwa maji ya moto, na ukishakaa nje ya chupa zaidi ya saa mbili umwagwe.

Njombe Parachichi: Mama alifanyiwa upasuaji, wakatoa umio. Sasa akila tu anatoka jasho, moyo unakimbia, anaharisha. Kansa imerudi?

Mtoa somo: Pole dada. Baba hakupasuliwa, lakini tulilala wodi moja na waliopasuliwa na wengi walikuwa na hali hiyo. Chakula kinashuka haraka mno kwenye utumbo. Walifundishwa kula kidogo mara sita hadi nane, kupunguza sukari na soda, kunywa maji nusu saa kabla au baada ya kula na siyo katikati. Umwambie daktari wake hata hivyo, na mpime uzito.

Mama Bahati: Tumefika, wameurudisha. Nesi amesema tundu lilikuwa limeanza kubana. Na mzee wako mwenyewe vipi, mwanangu?

Mtoa somo: Namshukuru Mungu, mama. Alimaliza mionzi, sasa anakula wali laini na supu kwa mdomo. Mpira bado upo kwa ajili ya siku mbaya, na kliniki anaendelea. Mwambie kijana wako aubandike kwa plasta tumboni wakati wa kulala, usining'inie.

Kijana wa Mafinga: Nimesoma yote sasa, samahani kwa mwanzo. Dawa za baba tunasaga zote tunapitisha kwenye mpira. Kuna omeprazole ya kapsuli na morfini ya vidonge vya kumeza mara mbili kwa siku.

Mtoa somo: Acheni kusaga hizo mbili leo. Morfini ya namna hiyo imetengenezwa itoke polepole kwa saa 12, ukiisaga inaingia yote kwa pamoja na inaweza kumzimia pumzi. Ombeni ya maji. Punje za ndani ya kapsuli ya omeprazole nazo hazisagwi, zikisagwa asidi inaua dawa, na zikipitishwa nzima zinaziba mpira. Mwambieni mfamasia mgonjwa anatumia mpira, awape aina inayofaa. Vidonge vingine muulize kimoja kimoja kabla ya kusaga, kila dawa ipite peke yake, na maji katikati. Amelalaje leo, anaamka vizuri ukimwita?

Kijana wa Mafinga: Ana usingizi sana tangu juzi.

Mtoa somo: Mpeleke sasa, beba na pakiti za dawa. Nipigie ukiwa njiani, namba nimekutumia inboksi.