Kabla hujampelekea fundi haibridi inayochemsha, soma hapa kwanza

Gari ikianza kuchemsha usikimbilie kununua feni. Ujue kwanza ni kitu gani kinachemka, maana haibridi (gari ya mafuta na umeme) kama Prius ina njia tatu za kupoza. Injini ina rejeta na kulanti (maji ya kupozea) yake, inverta (inayogeuza umeme wa betri uende kwenye mota) ina kulanti yake nyingine na kitanki chake na pampu yake ya umeme, halafu betri kubwa ya nyuma inapozwa na feni ndogo inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia kigrili cha pembeni ya siti ya nyuma. Fundi akisema feni imekufa muulize ipi! Mimi nilibadilishiwa feni yote ya mbele, ya rejeta, hela ikaenda, kumbe ya betri ndo ilikuwa imejaa vumbi na nywele za zulia, ilitaka kusafishwa tu. Roho iliniuma sana.

Kabla ya gereji andika inachemsha wapi. Kama ni kwenye foleni ya Mwenge au Ubungo halafu ukipata njia ikatembea joto linashuka, hapo shuku feni au hewa haipiti vizuri kwenye rejeta. Ila kama inachemsha ukiwa unakimbia Morogoro Road kuelekea Kibaha, upepo upo wa kutosha, kwa hiyo angalia kulanti imepungua, thamostati (valvu inayopitisha kulanti) imeganda, rejeta imeziba au wota pampu imechoka. Na Prius za 2010 hadi 2015 wota pampu ni ya umeme, haina mkanda, anayeutafuta mkanda hiyo gari haijui.

Gari hizi nyingi hazina geji ya joto, taa nyekundu ikiwaka umeshachelewa, so tafuta kifaa cha OBD2 cha blututhi (kinasoma kompyuta ya gari) uone namba za joto kwenye simu. Yangu inacheza nyuzi 85 mpaka 95 za Selsiasi ikiwa salama, ikipita 105 napaki. Kodi za hitilafu zikitokea kwenye simu zipige picha kabla mtu hajazifuta: P0A93 ni upozaji wa inverta, P0A82 ni feni ya betri, hizo mbili tu zingeniokolea hela yangu.

Kupima feni ya mbele: gari ikiwa ya baridi, iweke READY (iwashe mpaka neno hilo litokee kwenye dashibodi), washa AC mpaka mwisho, feni inatakiwa izunguke. Isipozunguka anza na fyuzi, kisha rilei (swichi inayoipa feni umeme), kisha soketi ya waya (kwa sisi wa Kigamboni na Msasani chumvi ya bahari inazigeuza kijani), mota iwe ya mwisho. Ikizunguka kwa AC lakini injini ikipata moto haizunguki, mota ni nzima, fuatilia sensa ya joto na waya zake. Mkono usiingize kabla hujazima READY, kwa sababu injini inaweza kujiwasha yenyewe ukiwa umeinama pale, na waya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa.

Kulanti angalia asubuhi, vitanki vyote viwili. Ikipungua bila kuvuja na gari inatetemeka ikiwaka asubuhi, usikubali ifunguliwe hedi (kichwa cha injini) kabla haijapimwa kwa ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikuta gesi ya injini kwenye maji, inachukua dakika chache tu. Maji ya kisima ya huku kwetu yana chumvi, yanaila rejeta, kwa hiyo usiyaweke. Na anayetaka kung'oa thamostati "ili ipoe" mkatalie, tatizo linabaki palepale. Wakishajaza kulanti hakikisha wametoa hewa kwenye mfumo wote, hewa ikibaki itachemsha tena kesho na feni italaumiwa bure.

Taa nyekundu ikikuwakia katikati ya foleni zima AC, sogea pembeni, zima gari, na mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka ipoe kabisa hata kama wapiga debe wamekuzunguka wanakuletea maji.