Kiwanda kiko Marekani, ripoti ya moshi uipeleke EPA (shirika la mazingira la serikali ya shirikisho) au jimboni? Angalia hivi
Sheria ya Hewa Safi, kifungu 111(c) kwa mitambo mipya na 112(l) kwa hewa zenye sumu, inairuhusu EPA kulikabidhi jimbo kazi ya kusimamia viwango vya shirikisho. Sasa kabla hujatuma chochote anza na kanuni ya shirikisho 40 CFR 60.4, humo kuna anwani za majimbo, halafu hakikisha kiwango chenu chenyewe kimekabidhiwa kweli, maana jimbo linaweza kupewa kimoja na kingine lisipewe, hapo ndo watu wanakwama. Usibahatishe aisee, pigia ofisi ya kanda ya EPA, ziko 10. Na jimbo likishapewa usidhani EPA imeondoka, bado inaweza kukushtaki yenyewe, na ukitaka kubadili sana njia ya kupima moshi ruhusa unaomba EPA.