Jinsi ya kuchimba historia ya sinagogi la wakimbizi (mfano Shearith Israel, New York)

Wengi wakitaka historia ya sinagogi wanakimbilia jengo, limejengwa lini na nani. Kwa jumuiya ya wakimbizi usianzie hapo jamani. Shearith Israel, jumuiya ya Wayahudi wa New York, watu wake wa kwanza walifika mjini 1654, sinagogi lao la kwanza kujenga wenyewe likafunguliwa 1730, yaani miaka 76, ukianza na jengo umeshawaruka waanzilishi wote.

Anza na jina. Shearith Israel ni Kiebrania, maana yake waliosalia wa Israeli, ni neno la nabii Mika. Sasa jiulize, waliosalia kutoka wapi? Jibu ni Recife, Brazil. Wareno waliwanyang'anya Waholanzi mji ule Januari 1654 na Wayahudi ikabidi wahame.

Alafu tafuta karatasi za watu waliowadai na waliowakataa, hapa ndo utajiri ulipo, maana mkimbizi mwenyewe siku za kwanza hana muda wa kuandika. Kwenye kesi za New Amsterdam (ndo jina la New York enzi hizo) utakuta nahodha anadai nauli ya watu 23, mahakama ikaamuru vitu vyao vipigwe mnada, hela haikutosha, wawili wakawekwa ndani. Fikiria umetoka kukimbia, umeshuka tu melini, unaangalia sufuria na mashuka yako yanauzwa. Mkuu wa koloni hilo la Waholanzi, Peter Stuyvesant, akaiandikia kampuni iliyokua inalimiliki koloni, kule Amsterdam, anataka waondoke. Usiishie kwenye barua yake, soma na majibu ya 1655: wabaki, ila maskini wao wawatunze wenyewe. Na kampuni inataja wazi kuwa Wayahudi wana hela nyingi kwenye hisa zake, kwahiyo usiandike kuwa ilikua huruma tupu.

Baada ya hapo nenda makaburini. Pale Chatham Square, New York, kuna kiwanja kidogo cha makaburi yao, la zamani kabisa ni la 1683, lina miaka 47 zaidi ya sinagogi.

Kwenye vitabu vya vikao kua makini sana na lugha. Waliandika Kireno, lugha ya waanzilishi ambao asili yao ni Hispania na Ureno, lakini kufikia miaka ya 1720 wengi wao walikua Wayahudi wa Ashkenazi, asili yao Ulaya ya kati na mashariki, walikubali tu kufuata taratibu za waanzilishi. Ukihukumu kwa lugha utawafuta watu wengi kwenye historia yao wenyewe.

Fuatilia pia magombo ya Torati, maana mkimbizi anabeba kile asichoweza kukiacha. 1776, kwenye vita vya uhuru wa Marekani, Waingereza walipoukaribia mji, kiongozi wa ibada Gershom Mendes Seixas aliyachukua akaondoka nayo hadi Connecticut, kwahiyo sehemu hiyo ya habari ukaitafute huko.

Jengo liwe la mwisho. La sasa ni la 1897, lipo mtaa wa Central Park West, New York. Ukifika omba uoneshwe sinagogi dogo la ndani, kuna samani humo zimetoka kwenye lile la 1730.